Mkoba wa Marehemu: Utundikwe au Ukatwe?



Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho pengine kimo nyumbani mwako, chini ya kitanda au juu ya kabati, nacho hakifanyi kazi yoyote wala hakitupwi. Ni mkoba wa ngozi uliochakaa.

Habari hii nimekumbushwa na jirani yangu, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe. Marehemu aliajiriwa katika reli mwaka 1976, mwaka ule ule TAZARA ilipokabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. Katika mishahara yake ya mwanzo alinunua mkoba wa ngozi nene ya kahawia, wenye kifuniko kipana, bizimu mbili za shaba na ukanda wa begani. Akasafiri nao hata siku aliyostaafu. Upande wa ndani wa kifuniko aliandika jina lake kwa wino, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Baada ya arobaini, vitu vya marehemu vilipokuwa vikigawanywa, mkoba huo ulileta maneno. Mwana mkubwa alitaka utundikwe ukutani sebuleni, karibu na picha ya baba yao. Binti alisema umeota kuvu na unanuka, bora utupwe kabla haujaharibu nguo kabatini. Kitinda mimba hakusema neno. Kijana huyo anajifunza ufundi wa umeme katika chuo cha VETA, na zana zake alikuwa akizibeba katika mfuko wa sulfeti. Bisibisi ilikuwa imekwisha utoboa mfuko huo, na koleo lake la kwanza lilidondoka njiani asijue. Koleo la pili alilinunua kwa fedha ya kuazima.

Mama yule akapiga hodi kwangu, mkoba kaukumbatia. Akasema, “Jirani, wewe huandika habari za nyumbani. Niambie, kitu hiki bado ni kizima, au nafuga uchafu?”

Swali lake ni la wengi, kwa hiyo nimeona nilijibu hapa.

UKAGUE KABLA YA KUUHUKUMU

Jambo la kwanza ni kujua kama mkoba wenyewe ni wa ngozi kweli. Siku hizi mikoba mingi inayong'aa madukani ni ya kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki. Utando huo, hasa katika joto na unyevu wa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, huanza kubanduka baada ya miaka michache, ukimwagika vipande vipande kama rangi ya ukuta mbovu. Ukifika hapo hauna dawa. Tazama mahali palipokatwa au palipochanika. Ukiona nyuzi za kitambaa zilizofumwa, hiyo si ngozi. Ngozi ya kweli ina nyama yenye nywelenywele zilizoshikamana ovyo, na upande wake wa ndani ni laini kama kitambaa cha mahameli.

Jambo la pili ni kutofautisha ngozi iliyokauka na ngozi iliyokufa. Hizi ni hali mbili mbalimbali, ijapokuwa kwa macho zafanana. Ngozi iliyokauka ni ngumu na ina mikunjo, lakini ukiikunja taratibu haikatiki, na ukiisugua kwa kidole haitoi kitu. Hii bado yaweza kufanya kazi. Ngozi iliyokufa hutoa unga mwekundu unaobaki mkononi, na ukiikunja hupasuka kama mkate mkavu. Ugonjwa huu huzishika hasa ngozi zilizotengenezwa kwa maji ya magome ya miti, zikikaa miaka mingi katika joto, unyevu na hewa chafu. Hauponi kwa mafuta wala kwa nta. Tena ukiipaka maji ngozi ya namna hiyo hugeuka nyeusi na kuwa ngumu zaidi. Mahali palipokufa pana tiba moja tu, nayo ni mkasi.

Jambo la tatu ni mshono. Watu wengi hutupa mkoba kwa sababu umefumuka, wakidhani ngozi ndiyo iliyoshindwa. Mara nyingi sivyo. Uzi hutangulia kufa. Jasho, unyevu na kusuguana huuozesha uzi wa pamba kabla ngozi haijazeeka hata nusu. Vuta ncha ya uzi wa zamani. Ukikatika bila nguvu, jua kwamba uzi ndio mgonjwa wako.

Mkoba wa jirani yangu tuliukagua mezani, mbele ya wanawe wote watatu. Kitako kilikuwa kimekufa, kikitoa unga mwekundu kila kilipoguswa. Ubavu mmoja ulikuwa umepasuka. Lakini kifuniko, uso wa mbele, mgongo na nusu ya ukanda vilikuwa vikavu tu, na chini ya kuvu ngozi ilikuwa imara. Bizimu zote mbili zilikuwa nzima.

Mwana mkubwa akasema, “Basi, Mama, tuusafishe tu na tuutundike.”

Mama akamjibu, “Mwanangu, baba yako hakuununua ili utundikwe.”

Tukaanza kazi.

KUSAFISHA NA KULAINISHA

Ondoa kwanza bizimu na pete, kwa kukata uzi unaozishikilia. Shaba ikikaa na mafuta ya ngozi kwa muda mrefu hutoa kutu ya kijani inayochafua ngozi yote iliyo jirani. Isugue kwa ndimu na majivu, isuuze na kuifuta ikauke, nayo itang'aa.

Kuvu lisisuguliwe ndani ya nyumba. Toka nje, ulipanguse kwa brashi kavu mahali upepo unapokwenda mbali na watu. Kisha changanya siki na maji sawa kwa sawa, chovya kitambaa, kikamue sana, upanguse ngozi bila kuilowesha. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana rangi nyingine hutoka. Uchafu wa mafuta ya mikono husafishwa vivyo hivyo kwa povu la sabuni ya mche, povu tu pasiwe na maji mengi, na kufutwa mara moja. Mahali penye unga mwekundu usipaguse kwa maji.

Baada ya hapo ngozi ikaushwe kivulini, penye upepo, kwa siku moja au mbili. Hapa sharti nikiri kosa langu. Wakati mmoja wa masika mkoba wangu ulilowa mvua, nami kwa haraka nikauweka karibu na jiko la mkaa. Asubuhi nikaukuta umejikunja na kuwa mgumu kama kigae. Ngozi iliyolowa ikipata moto hujikunja, na haifunguki tena hata ukiipaka mafuta ya nchi nzima. Jua kali la mchana nalo si rafiki.

Ngozi ikikauka ipewe mafuta. Yanayofaa na kupatikana kwa urahisi ni mafuta ya nyonyo. Wengine hupaka mafuta ya kupikia. Hayo huchacha, hutoa harufu, na huita mende na sisimizi. Twaa sehemu moja ya nta ya nyuki, ile ambayo ndugu zetu wa Tabora wamejulikana nayo tangu zamani, na sehemu mbili za mafuta ya nyonyo. Viweke katika kikopo, na kikopo ukiweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Usiweke kikopo juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta hushika moto. Mchanganyiko ukipoa, paka kidogo kwa kitambaa, uache usiku kucha, kesho yake ufute. Ngozi ikibaki kavu, rudia. Kupaka mara tatu kidogo kidogo ni bora kuliko mara moja kwa wingi, kwani ngozi iliyoshiba mafuta hulegea, na kila itakachogusa hukipaka doa.

UZI MMOJA, SINDANO MBILI

Kushona ngozi kwa mkono kunahitaji vifaa vichache. Uwe na sindano mbili nene, ncha zake uzisugue jiweni zisiwe kali. Uwe na msharasi, yaani ile sindano ya fundi viatu yenye mpini wa mti, kwa kutobolea. Uwe na uzi wa nailoni ambao mafundi viatu huutumia, na kipande cha nta au mshumaa cha kuupakia. Urefu wa uzi uwe mara nne ya mshono unaotaka kushona, na uongeze kidogo kwa ajili ya kushikia.

Tunga sindano moja kila ncha ya uzi. Pitisha sindano ya kwanza katika tundu la kwanza, uvute mpaka uzi ulingane pande zote mbili. Kisha, kwa kila tundu linalofuata, ipitishe sindano ya kushoto, halafu ya kulia katika tundu hilo hilo, ukiangalia usiutoboe uzi wa mwenzake. Vuta pande zote kwa nguvu moja. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu matatu, ukate, na ncha za nailoni uziunguze kidogo kwa kiberiti zijibane.

Kwa nini tupate taabu hiyo ilhali cherehani ipo? Mshono wa cherehani ni wa nyuzi mbili zilizonasana katikati. Uzi mmoja ukikatika, mwingine hauna wa kuushika, na mshono hufumuka kwa safari ndefu. Mshono wa sindano mbili ni tofauti, kwa kuwa uzi hupita kila tundu mara mbili kutoka pande mbili. Pakikatika mahali pamoja, palipobaki husimama.

Kama ngozi bado ina matundu ya zamani yaliyo mazima, yatumie hayo hayo. Ukitoboa mapya katikati yake, utaigeuza ngozi kuwa kama ukingo wa stempu, nayo itachanika pale pale. Ikiwa ni lazima kutoboa mapya, ingia ndani kiasi cha milimita 5 kutoka ukingoni, na matundu yaachane kama milimita 4.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tumnyime riziki fundi viatu aliye chini ya mwarobaini pale mtaani. Mahali penye ngozi tatu au nne zilizopandana, au panapotaka kugongwa ribiti, mpelekee yeye. Ana mkono na ana nyundo. Sisi katika kazi hii tulimpelekea mara mbili, na mara ya pili alitusahihisha kosa ambalo lingetugharimu mshono mzima.

KUKATA

Sasa nafika penye uzito. Kitako kilichokufa kingeweza kubadilishwa kwa turubai, na mkoba ukarudi kuwa mkoba. Hiyo ndiyo njia ya kufuata iwapo sehemu moja tu imekufa na mwenye nyumba bado anauhitaji mkoba. Lakini katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kubeba mkoba wa safari. Palikuwa na kijana mwenye koleo, bisibisi nne, kisu, testa na utepe wa kupimia, navyo vyote vikining'inia katika sulfeti iliyotoboka. Kilichohitajiwa ni mfuko wa zana wa kuvaa kiunoni.

Hakuna aliyeruhusiwa kukata siku ile. Tulichukua gazeti la zamani, tukachora na kukata vipande vyote kwa karatasi, tukavibandika kwa gundi, na kijana akavaa mfuko wa karatasi akiwa na zana zake ndani. Kosa likatokea hapo hapo. Tulikuwa tumekata mifuko bapa, na koleo halikuingia. Kitu chenye unene hutaka upana zaidi. Koleo lenye unene wa sentimita 2 lataka karibu sentimita 4 zaidi ya upana wake. Gazeti ni rahisi, ngozi ya marehemu ni moja. Ndiyo maana nasisitiza: kosea kwenye karatasi.

Kigezo kilipokubalika tulikipanga juu ya ngozi, tukikwepa mipasuko na mahali palipolika. Mgongo wa mkoba ukawa mgongo wa mfuko. Uso wa mbele ukatoa mfuko mkubwa wa koleo na mdogo wa testa. Ukanda ukakatwa vitanzi vya bisibisi na vya kupitishia mshipi. Kifuniko kikapunguzwa kwa kisu kikali na rula ya chuma, na bizimu moja ikarudi mahali pake.

Kukata kwenyewe alikukata mama. Mwana mkubwa, yule aliyetaka mkoba utundikwe, ndiye aliyeshika rula. Kisu kilipofika karibu na jina la baba yake aliomba wasimame. Wakapima upya, wakakisogeza kigezo vidole viwili, jina likabaki zima. Sasa limo upande wa ndani ya kifuniko, kama lilivyokuwa.

Kwa atakayefuata kazi hii nyumbani, nina mambo manne ya kuongeza. La kwanza, chini ya mfuko wa bisibisi weka ngozi mbili, kwa sababu ncha ya chuma hutafuta mshono na kuufumua. La pili, acha tundu dogo katika pembe ya chini ili vumbi na vipande vya waya vidondoke. La tatu, kingo zilizokatwa zisugue kwa msasa, uzipake maji kidogo na kuzisugua tena kwa kitambaa kigumu mpaka zing'ae. Ukingo uliofungwa hivyo haunywi maji upesi. La nne, ambalo nalisema kwa wenye kufanya kazi ya umeme: mfuko wa ngozi hubeba zana tu. Si kinga ya umeme, hasa ukiwa na jasho au mvua.

Kazi yote ilichukua jioni tano, na gharama ilikuwa uzi, nta, mafuta ya nyonyo na ujira wa fundi viatu. Kipande kilichobaki cha uso wa mbele kilitosha ala ya miwani ya mama. Binti, aliyesema utupwe, ndiye aliyeishona, na mishono yake imenyooka kuliko yetu sote. Kitako kilichokufa tulikifukia chini ya mgomba.

KIPYA KINYEMI

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wale waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi kiatu, sabuni na kitenge vilivyokuwa adimu. Kutengeneza hakukuwa hiari wakati ule. Mkoba ulishonwa kwa kuwa mwingine haukupatikana. Kuanzia mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalipolegezwa, maduka na magenge ya mitumba yalijaa taratibu, na mikono yetu ikasahau. Sitaki kusifu dhiki. Aliyepanga foleni usiku kwa ajili ya jozi moja ya viatu hawezi kuitamani tena. Lakini ujuzi uliozaliwa na dhiki si lazima ufe pamoja nayo.

Tena faida yake ni ya leo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na kila nyumba inahitaji kitu imara cha kwendea sokoni. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi katika Afrika, na ngozi nzuri iliyokwisha kutengenezwa haifai kuishia jalalani kwa kosa la uzi wa senti chache. Mkoba mkubwa wenye mbavu nzima huweza kuwa mfuko wa soko ukitiwa bitana mpya ya turubai. Mdogo huweza kuwa mkoba wa madaftari wa mtoto. Usiofaa lolote kati ya hayo hutoa mishipi, ala za visu, na viraka vya makubadhi.

Kuhusu kutundika, sikatazi. Kuna vitu ambavyo kazi yake iliyobaki ni kukumbukwa tu, na kila familia inajua vyake. Ninachoshauri ni kwamba mvijadili kwa pamoja, kitu chenyewe kikiwa mezani na si kabatini, na mkikague kwanza. Familia ile ilibishana wiki mbili juu ya mkoba ambao hakuna aliyekuwa ameufungua.

Jumatatu iliyopita nilimwona kijana asubuhi akielekea kituo cha daladala, mfuko kiunoni. Nilimwuliza kama unambana. Akanijibu, “Shikamoo. Unabana kidogo upande wa koleo, lakini unaanza kulegea.” Nilimwambia asiongeze mafuta. Ngozi ikivaliwa kila siku hujifunza mwili wa mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, leo baada ya chakula cha mchana, vuta kile kilicho chini ya kitanda chako. Kikunje taratibu, kisugue kwa kidole, uvute ncha moja ya uzi. Ukishajua kipi kimekufa na kipi kinangoja uzi tu, nusu ya kazi umeimaliza.

Hadi Jumapili ijayo.